Talaka, Khului na Faskhi
Wazee wetu wa pwani waliofuata sheria ya Kiislamu hawakuijua talaka ya namna moja. Mume akitamka talaka, mke hukaa eda, na mahari aliyokwisha pewa ni yake. Mke aliyechoka, mumewe asitake kumwacha bure, hujikomboa kwa khului: hurudisha mahari, ambayo pengine ndiyo mali yake yote. Aliyetelekezwa bila matunzo humwendea kadhi kuomba faskhi. Nasi twaona njia hiyo ni nzito, maana yataka ushahidi. Katika zote tatu, jasho la jikoni halikuhesabiwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika uchumaji huo.