Wimbo Uliotungwa Msalani

Usiku mmoja wa mwaka 1967, vijana wawili walijifungia na gitaa msalani mwa mkahawa wa La Perla, eneo la Once jijini Buenos Aires. Humo hawakuwasumbua wateja, na vigae vya ukutani viliirudisha sauti vizuri ajabu. Tanguito alikuja na mwanzo wa wimbo. Litto Nebbia akaumalizia. Wakauita "La Balsa", yaani chelezo.

Nebbia alitokea Rosario, alikoimba na Los Gatos Salvajes. Kundi hilo lilipovunjika, yeye na mpiga kinanda Ciro Fogliatta walibaki Buenos Aires, wakaunda Los Gatos pamoja na Kay Galiffi, Alfredo Toth na mpiga ngoma Oscar Moro.

Los Gatos hawakuwa wa kwanza kuimba roki kwa Kihispania: Los Teen Tops wa Mexico waliwatangulia, ila walivuma hasa kwa nyimbo za Wamarekani zilizotafsiriwa. Los Gatos waliimba ya kwao, kwa lugha ya kwao, na hapo ndipo penye uzito wao.

Santuri yao ya "La Balsa" ilitoka Julai 1967, zikauzwa nakala zipatazo 250,000. Mwaka mmoja kabla, Jenerali Onganía alikuwa ameipindua serikali, na polisi walikuwa wakiwasomba vijana kwa sababu tu ya nywele ndefu. Wimbo wa mtu mpweke anayetamani kujiundia chelezo aende zake ukawaingia moyoni.

Mwaka 1969 gitaa la Los Gatos lilishikwa na Pappo, muziki ukawa mzito zaidi. Mwaka uliofuata wakaachana.