Diko la Roketi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, neno moja la Kiswahili lilipelekwa nje ya angahewa. Setilaiti ya Kimarekani, SAS-A kwa jina la makaratasi, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, akaiita Uhuru. Uzito wake haukufika kilo 150, nayo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi moja ya kutafuta miali ya eksirei itokayo mbinguni. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na hadi leo wanafalaki huvitaja kwa alama ya 4U, yaani toleo la nne la Uhuru. Anayechunguza 4U 1820-30 usiku wa leo, awe Santiago au Tokyo, anaandika herufi ya kwanza ya neno letu kila anapoitaja nyota yake.

Mahali palipoipeleka Uhuru huko juu hatujapapa jina linalolingana na kazi yake. Watu wa Ngomeni na Malindi husema San Marco, basi. Magazeti huandika “kituo cha anga” au “kituo cha kurushia roketi”. Neno “kituo” limechoka. Kuna kituo cha basi, cha polisi, cha afya, cha kupigia kura. Ni mahali pa kutua, na roketi haiendi pale kutua. Zaidi ya hayo, kituo huwa cha mtu au cha ofisi fulani, na hakina ndani yake dalili yoyote kwamba wenye vyombo mbalimbali wanakitumia kwa zamu na kwa makubaliano. Kiwanja cha roketi ndogo kinachojengwa kitumiwe na wengi kinahitaji neno lenye maana hiyo tangu mwanzo.

Neno hilo tunalo. Ni diko.

Diko ni pale pwani vyombo vya wavuvi vinapoondokea na kurudi. Mashua ya huyu, dau la yule na ngalawa ya mgeni kutoka kisiwa cha pili hulala bega kwa bega. Hakuna mvuvi anayejenga diko lake peke yake. Kuna mila za nani ashushe wapi, kuna mnada, kuna ushuru, na kuna wazee wa kuamua ugomvi. Wizara za uvuvi zinalitumia neno hili katika nyaraka zao, kwa hiyo si neno la makumbusho. Nikisema “diko la roketi”, msomaji wa Kilwa, Pemba au Lamu haulizi ni la nani. Anauliza kanuni zake ni zipi, na hilo ndilo swali ninalotaka liulizwe kwanza.

Najua wengine watapendekeza “bandari ya anga”. Silikatai jina hilo, ila liachiwe sehemu kubwa kama Kourou au Cape Canaveral, zenye maghala, mitambo ya kujazia fueli ya kimiminika na majengo marefu kama minara. San Marco haikuwa hivyo. Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alianza na majukwaa mawili ya chuma yaliyosimamishwa baharini kwa miguu: Santa Rita, lililotokana na uchimbaji wa mafuta, likawa la kuongozea, na San Marco likawa la kurushia. Roketi yake ilikuwa Scout ya Kimarekani, ndefu mita 23 hivi na nyembamba, yote ikienda kwa fueli yabisi. Iliunganishwa ikiwa imelazwa, kisha ikainuliwa wima. Kati ya 1967 na 1988 Scout tisa ziliondoka pale kwenda kwenye mzingo, na zote tisa zilifikisha mizigo yake. Nyingine zilibeba setilaiti za Waitaliano wenyewe, nyingine za Wamarekani, na mwaka 1974 moja ilibeba Ariel 5 ya Waingereza. Vyombo vidogo, wenyewe tofauti, ufuo mmoja: diko.

Sababu ya kuchagua ufuo ule ni ya kijiografia. Ngomeni iko karibu digrii tatu kusini ya ikweta, ambako dunia inapojizungusha humsukuma kila aliye juu yake kuelekea mashariki kwa mwendo wa mita 460 na zaidi kwa sekunde. Roketi ndogo, yenye nguvu za kuhesabu, hupata msukumo huo bila kuulipia. Halafu mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu, hakuna mji wa kuangukiwa. Ghuba yenyewe huitwa Ungwana, kwa jina la mji wa kale ambao magofu yake yapo karibu na Kipini. Sidai kwamba jina hilo na “uungwana” vina asili moja, lakini sikio la Mswahili haliwezi kuyatenga, na Uhuru kuondokea Ungwana ni jambo ambalo mshairi angelitunga kama lisingetokea lenyewe.

Maneno ya bahari kupanda angani si jambo geni katika lugha yetu. Rubani alikuwa mwelekezaji wa chombo majini kabla hajakaa mbele ya ndege. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. “Chombo” chenyewe, kwa mtu wa pwani, kilimaanisha merikebu kabla hatujapata “chombo cha anga”. Wala hakuna kamati iliyoketi kuyapandisha. Watu waliona kazi inafanana, wakahama na neno.

Ndiyo maana nasikitika kwamba “kushua” tumeliacha ufuoni. Chombo kipya kikimalizika hakirushwi majini, kinashuliwa. Kinawekewa magogo, kinafungwa kamba, watu wanakusanyika na kuvuta kwa wimbo, na kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima. “Kurusha” ni kitendo cha mkono mmoja: mtoto anarusha jiwe, redio inarusha matangazo, kitu kinatoka na kazi imekwisha. Hapa naona nafasi ya kugawana. Wiki zote za kuileta roketi, kuiunganisha, kuipima, kuiinua na kusubiri hali ya hewa ziitwe kushua. Sekunde ile ya moto iitwe kurusha. Wahandisi wanajua kwamba hayo ni mambo mawili, yenye gharama mbili na wasimamizi wawili, na lugha ya mkataba ikiyachanganya, ugomvi utazuka pale pale.

Kuna neno jingine ninalolipenda kuliko yote haya. Si kila roketi ndogo huenda kwenye mzingo. Nyingi hupanda kilomita mia au zaidi kidogo, hupima upepo, joto na chembechembe za umeme, kisha huanguka baharini. Hizo ndizo zilizoanza Ngomeni mwaka 1964, aina ya Nike-Apache. Ng’ambo ya bahari hii hii, katika kijiji cha wavuvi cha Thumba huko Kerala, Nike-Apache nyingine ilikuwa imekwisha kurushwa tarehe 21 Novemba 1963. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, vifaa vya kisayansi ndani yake vya Wafaransa, na walioirusha ni Wahindi chini ya Vikram Sarabhai, ofisi yao ikiwa ndani ya kanisa la zamani la kijiji. Mwaka 1968 Indira Gandhi alikiweka kiwanja kile wakfu kwa Umoja wa Mataifa, ili wanasayansi wa nchi yoyote wapate kukitumia. Sijui mfano safi zaidi wa diko la pamoja.

Roketi hizo tunaziita “roketi za utafiti”, jina lisilosema kitu, kwani kila roketi ya kisayansi ni ya utafiti. Manahodha wetu walikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Ukifika maji usiyoyajua unatupa bildi, unasoma kina, unaivuta, unaendelea. Roketi inayopanda kupima anga na kurudi chini inafanya kazi hiyo kwa kuigeuza juu. “Roketi ya bildi” ni jina fupi, na linamweleza mwanafunzi mara moja kwamba hii haiendi kukaa huko juu.

Sasa nifike kwenye vitenzi, maana hapa Kiswahili kina utajiri ambao wanasheria wetu hawajautumia. Mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima ya hasara inayosababishwa na vyombo vya anga unataja dola za aina kadhaa zinazohesabiwa kuwa zimerusha: dola inayorusha yenyewe, dola inayofanya irushiwe kupitia mwingine, na dola ambayo ardhi yake au mitambo yake imetumika. Lugha nyingi hulazimika kurundika maneno ili kuzitenga. Sisi tunageuza mwisho wa kitenzi tu. Ya kwanza inarusha. Ya pili inarushisha. Kwa ya tatu ningependa kusema “inarushiwa”, lakini hapana: anayerushiwa ni yule anayetupiwa kitu, na hakuna serikali itakayotia saini hapo. Basi ya tatu iitwe dola yenye diko.

Tuichukue Uhuru. Marekani ilirushisha, Italia ikarusha, na diko lilikuwa mbele ya pwani ya Kenya. Mkataba huo unasema wanaorusha kwa pamoja wanabeba dhima kwa pamoja, na unamhesabu mwenye ardhi au mitambo kuwa mmoja wao. Roketi ikiangukia nyumba ya mtu ng’ambo, mwenye diko anaweza kudaiwa fidia yote, hata kama hakugusa kibonyezo. Ndiyo sababu silipendi neno “pamoja” likitumika peke yake. Pamoja hueleza tu kwamba watu wako mahali pamoja. Ubia husema zaidi. Watu wanaokula bia, kila mmoja hutoa sehemu yake na kila mmoja hula sehemu yake. Nchi inayobeba dhima ya kurusha na isipate mafunzo, data, ajira wala sauti katika kupanga zamu, haimo katika ubia. Imeazimisha ufuo wake. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka Vandenberg, California. Miaka hamsini na zaidi kabla yake setilaiti ya wageni yenye jina la Kiswahili iliondokea Ngomeni. Natamani kuona ya tatu, yenye jina letu na ya kwetu, ikiondokea kwetu, na mkataba wake umeandika “diko la ubia” katika ukurasa wa kwanza.

Neno moja lizuiwe kabisa lisiingie katika nyaraka hizo: kombora. Waandishi wa habari hulichanganya na roketi kila wiki. Kombora hutumwa likapige, roketi hubeba mzigo. Mwanakijiji akisikia kombora limesimamishwa mbele ya nyumba yake, ana haki ya kuogopa, na mradi uliozua hofu hiyo utakuwa umejitakia taabu.

Kwa mwanakijiji huyo ndiko kazi ya istilahi inakopimwa, kwa kuwa kila roketi ikikaribia kurushwa wavuvi huambiwa waondoke. Ningeliandika tangazo hivi: “Kesho baada ya adhuhuri roketi itaondoka dikoni kuelekea mashariki. Pingili yake ya kwanza itaanguka baharini. Vyombo vyote vibaki ndani ya miamba hadi mtangaziwe tena.” Pingili ni sehemu ya muwa kati ya fundo na fundo, na Scout ilikuwa nazo nne, kila moja ikiachwa ikimaliza kuwaka. Tangazo lisomwe msikitini, kanisani, sokoni na redioni, mapema, si asubuhi ile ile. Roketi ikishapita, tangazo la pili litoke siku hiyo hiyo kusema bahari imefunguliwa, na litaje mvuvi aliyepoteza siku yake ya kazi aende kwa nani kulipwa.