Ripoti za Wanafunzi, Sauti za Wazee: Utafiti wa Majimaji wa 1968 na Dhima ya Hifadhi ya Chuo Kikuu

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya uhifadhi wa maandiko katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kufuatilia safari ya mkusanyiko mmoja, yaani ripoti za wanafunzi waliokusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji mwaka 1968. Ripoti hizo zinalinganishwa na maandiko mengine mawili: utenzi uliohifadhiwa na jarida la Kiswahili, na gazeti la wanafunzi lililopigwa marufuku. Makala inadai kwamba kazi ya mwanafunzi haistahili kuhifadhiwa kwa ajili ya hitimisho lake tu, bali kwa ajili ya ushahidi uliomo ndani yake. Aidha, ushahidi huo haujahifadhiwa kikamilifu iwapo lugha ya shahidi imeachwa nje ya hifadhi.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, alikuwa na umri wa miaka 78 ilipofika mwaka 1968. Hesabu hii nyepesi ndiyo iliyoupa uharaka mradi ambao Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam iliuendesha mwaka huo. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walikwenda katika maeneo yaliyopigana, wakaketi na wazee, wakauliza maswali na kuandika majibu. Miaka michache baadaye mashahidi wale walikuwa wametoweka. Kilichosalia ni karatasi zilizopigwa taipu na vijana ambao wengi wao hawakuwa wanahistoria wa kulipwa, wala hawakukusudia kuwa hivyo.

Mjadala kuhusu hifadhi za vyuo vikuu kwa kawaida hutawaliwa na masuala ya nafasi, vifaa na gharama. Hayo ni masuala ya haki. Hata hivyo, kabla ya kuuliza tutahifadhi wapi na kwa mashine gani, yafaa tuulize ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa tunapoihifadhi kazi ya mwanafunzi. Historia ya ripoti za Majimaji inatoa jibu lililo wazi kuliko nadharia yoyote.

2.0 Chuo kichanga na ushahidi unaozeeka

Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Mradi wa Majimaji kwa hiyo ulifanywa na taasisi ambayo haikuwa imefikisha hata miaka kumi.

Wanahistoria wa Mlimani wa wakati huo walikabiliwa na tatizo la vyanzo. Nyaraka nyingi za vita hivyo ziliandikwa na maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Humo mna tarehe, majina ya vikosi, idadi ya waliouawa na hukumu zilizotolewa. Tunasoma kwamba Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyetoa maji, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905. Lakini nyaraka hizo hazisemi sana namna mkulima wa Umatumbi au Ungindo alivyoyaelewa maji, wala kwa nini jirani yake aliyakataa. Ili kulijibu swali hilo ilibidi kuwaendea wenyewe.

Uamuzi wa kuwatumia wanafunzi haukuwa wa kubana matumizi pekee. Mwanafunzi aliyetoka katika eneo husika alijua njia, alijua adabu ya kumwendea mzee, na mara nyingi aliijua lugha ya nyumbani. Ripoti zilizorejeshwa zilikusanywa pamoja, zikapewa namba na kutolewa nakala. Hatua hiyo ya kutoa namba yaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo iliyozitoa ripoti hizo katika hali ya mazoezi ya darasani na kuzifanya vyanzo. Hadi leo mwandishi anayezitumia hutaja kifupi cha MMRP kikifuatwa na tarakimu, na msomaji mwenye shaka anaweza kwenda kuisoma ripoti yenyewe. Andiko lisilo na namba linaweza kukaa kwenye rafu moja na lile lenye namba, lakini haliwezi kuitwa mbele ya baraza la wataalamu.

3.0 Kutoka ripoti hadi tasnifu, kutoka tasnifu hadi kitabu

Mwaka huohuo wa 1968, G.C.K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kijitabu chenye vyanzo vya Majimaji, kikichanganya nyaraka za Wajerumani na masimulizi ya Waafrika. Gwassa aliendelea na utafiti huo hadi kukamilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Tasnifu hiyo ilinukuliwa na karibu kila aliyeandika kuhusu vita hivyo, ilhali haikuwa kitabu. Ilichapishwa Köln mwaka 2005.

Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 32. Kwa muda wote huo, kazi ya msingi juu ya tukio kubwa la historia ya Tanganyika ilitegemea nakala zilizopigwa taipu. Soko la vitabu halikuihitaji, au halikuweza kuigharimia, maktaba iliingoja. Hapa ndipo tofauti ya kazi ya mchapishaji na kazi ya hifadhi inapoonekana. Mchapishaji huuliza nani atanunua mwaka huu. Mhifadhi hana budi kumfikiria msomaji ambaye hajazaliwa.

Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu ambamo wanahistoria kadhaa waliirejea Majimaji upya. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba masimulizi ya miaka ya 1960 yaliathiriwa na maswali ya miaka hiyo. Nchi ilikuwa imepata uhuru karibuni, na watafiti walitafuta katika vita vya 1905 chimbuko la umoja wa taifa. Ugomvi wa kienyeji, njaa, uwindaji, mahusiano ya wanawake na wanaume, na sababu za baadhi ya watu kupigana upande wa Wajerumani, vilipewa nafasi ndogo.

Mtu anaweza kudhani kwamba ukosoaji huo unapunguza thamani ya ripoti za wanafunzi. Ukweli ni kinyume chake. Wakosoaji waliweza kuonyesha upungufu wa tafsiri ya zamani kwa sababu maandiko yenyewe yalikuwapo. Ndani ya ripoti moja mzee anaweza kuwa alisema jambo ambalo mwanafunzi hakuliona kuwa na maana, na mwalimu wake akaliruka, kisha msomaji wa kizazi cha tatu akalikuta likimngoja. Hitimisho huzeeka upesi. Ushahidi uliorekodiwa kwa uaminifu hubaki ukisomwa upya.

4.0 Utenzi uliookolewa na jarida

Ripoti za 1968 si kumbukumbu pekee ya Majimaji iliyotufikia kupitia taasisi ya kitaaluma. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, alitunga utenzi juu ya vita hivyo akiwa mtu wa zama zake. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji uliwafikia wasomaji wengi wa Afrika Mashariki mwaka 1957, ulipotolewa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ukiwa na tafsiri ya W.H. Whiteley. Wakati huo Kamati ilikuwa Makerere.

Kamati hiyo ilianzishwa mwaka 1930 kwa kazi ya kusanifisha lugha. Ilihama kutoka mji hadi mji, na mwaka 1964 iliingizwa katika chuo cha Dar es Salaam ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la TUKI. Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuunda TATAKI. Jarida lake limebadili jina zaidi ya mara moja kabla ya kuitwa Kiswahili, lakini mfululizo wake haukukatika. Kwa hiyo utenzi wa Lindi na ripoti za wanafunzi vilifika Mlimani kwa njia mbili tofauti: kimoja kikiwa fasihi, kingine kikiwa historia.

Tofauti iliyopo kati yao inatuhusu sana sisi wa taaluma za Kiswahili. Utenzi umehifadhiwa katika lugha ya mtunzi wake. Tunaweza kujadili msamiati wake, mizani yake na msimamo wake kuhusu wapiganaji, kwa sababu maneno tunayoyasoma ni yake. Je, tunaweza kusema hivyo juu ya wazee waliohojiwa mwaka 1968?

5.0 Lugha ya shahidi

Lugha ya kufundishia na kuandikia katika Chuo ilikuwa Kiingereza. Mwanafunzi alimsikiliza mzee kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kisha akamwandikia mwalimu wake ripoti katika lugha ya tatu ambayo mzee hakuijua. Kila hatua ya uhamishaji huo iliacha kitu nyuma.

Thamani ya kilichoachwa inaonekana pale ambapo mwandishi alijizuia kutafsiri. Katika kijitabu cha Gwassa na Iliffe tunakutana na neno njwiywila, lililotajwa pia kwa umbo la jujila. Ni jina la ujumbe wa siri ulionong'onezwa kutoka mtu hadi mtu kabla ya vita. Tunakutana pia na likinda, mazoezi ya kivita waliyofanya wapiganaji. Maneno hayo yangaliandikwa kwa Kiingereza tu, tungalibaki na "kampeni ya siri" na "gwaride", na tusingalijua kwamba jamii yenyewe ilikuwa na istilahi zake za maandalizi ya vita. Neno moja lililoachwa katika umbo lake limewapa wanahistoria kitu cha kuchunguza, na wanaisimu pia.

Fasihi nayo inathibitisha haja hiyo. Ebrahim Hussein, aliyesoma sanaa za maonyesho Chuoni hapo, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, wakati habari za Majimaji zikizungumzwa sana Mlimani. Hussein alimrejesha mganga wa Ngarambe katika Kiswahili na kumpa shaka na uchungu wa mtu anayeona neno lake likichukuliwa na wengine. Ni kazi ya ubunifu na haidai kuwa ushahidi. Hata hivyo, anayetaka kulinganisha Kinjeketile wa jukwaani na Kinjikitile wa masimulizi anahitaji masimulizi hayo katika lugha inayolinganishika.

6.0 Yasiyopita mlango wa maktaba

Si kila kazi ya wanafunzi ilipewa namba. Mnamo Novemba 1969 wanafunzi wa Mlimani wenye mrengo wa kimapinduzi walianza kutoa gazeti la Cheche, lililopigwa kwa mashine ya stensili. Mwaka 1970 toleo lake maalumu lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi, kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Mnamo Novemba mwaka huo gazeti lilipigwa marufuku. Takriban miaka arobaini baadaye, mmoja wa wahariri wake, Karim Hirji, alihariri kitabu cha kumbukumbu za gazeti hilo. Historia yake kwa hiyo imetufikia kwa kiasi kikubwa kwa sababu waliolitoa walikuwa hai na walikumbuka. Hifadhi inayotegemea umri wa mtu ni dhaifu kama wale wazee wa 1968.

Nakala iliyo katika jengo moja nayo ina udhaifu wake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia katika miteremko ya Table Mountain ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger pamoja na sehemu kubwa ya machapisho ya mkusanyiko wa masomo ya Afrika. Nyaraka nyingi zilizokuwa chini ya ardhi zilinusurika, ingawa maji ya kuzimia moto yalizifikia. Kilichokuwa na nakala mahali pengine kiliweza kutafutwa tena.

7.0 Hitimisho

Leo tasnifu nyingi huwekwa katika hifadhi za kidijiti, na ni rahisi kuamini kwamba tatizo limekwisha. Lakini faili la tasnifu ni ripoti, nalo si mahojiano. Mwanafunzi wa umahiri anayekusanya nyimbo za jando, ngano au majina ya mahali hurekodi kwa simu, hunukuu vipande vichache katika sura ya nne, kisha hufaulu na kuondoka na simu yake. Chuo hubaki na uchambuzi. Sauti huenda na simu hadi itakapoharibika. Kwa namna hiyo tunaweza kurudia upungufu wa 1968 tukiwa na vyombo bora mara nyingi zaidi.

Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, rekodi na unukuzi kamili katika lugha ya msimulizi viwasilishwe pamoja na tasnifu, kwa idhini ya msimulizi na kwa masharti atakayoyataka. Pili, kila rekodi ipewe namba yake ili inukuliwe na kuhakikiwa. Tatu, nakala ziwekwe katika mahali zaidi ya pamoja. Gharama ya mambo haya ni ndogo ikilinganishwa na kazi ambayo mwanafunzi amekwisha kuifanya kijijini. Wanafunzi wa 1968 waliwafikia wazee wao kwa wakati. Wazee wanaosimuliwa katika tasnifu za leo nao wana umri, na baadhi yao hawatakuwapo mtafiti mwingine atakapobisha hodi.