Kola Chungu: Mbegu Iliyoitwa ya Bandia

Katika masoko ya Kinshasa huuzwa mbegu ya rangi ya kahawia, chungu mdomoni, iitwayo ngadiadia. Wayoruba huiita orogbo. Wahausa, namijin goro, yaani kola dume. Hapa tutaiita kola chungu. Tunakusudia kueleza jinsi ilivyopuuzwa na sayansi ya Ulaya kwa takriban karne nzima, hata wataalamu wa Afrika walipoipima wao wenyewe.

Jina lake la kitaalamu, Garcinia kola, lilitolewa na Édouard Heckel wa Marseille katika karne ya 19. Wakati huo Wazungu walitamani kola ya kweli, yenye kafeini, kwa vinywaji na dawa za kuondoa uchovu. Kola chungu ni mti wa ukoo mwingine kabisa. Haikuwapa walichokitaka, basi ikabandikwa jina la kola ya bandia. Hukumu ya ajabu hii, kuueleza mmea kwa kitu usichokuwa nacho! Wakazi wa misitu, toka Afrika Magharibi hadi Kongo, waliendelea kuitafuna mbegu hiyo kwa kikohozi, kwa maumivu ya tumbo, na kama kinga ya sumu.

Dai hili la mwisho ndilo linalotuhusu, kwa kuwa ini ndicho kiungo kinachopambana na sumu mwilini. Katika miaka ya 1980 Maurice Iwu, wa Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, alichunguza biflavonoidi za mbegu hiyo, ambazo mchanganyiko wake huitwa kolaviron. Panya waliotiwa kaboni tetrakloridi huharibika ini upesi: ini lenyewe, likijaribu kuivunja sumu hiyo, huzalisha chembe kali ziitwazo radikali huru, nazo hushambulia mafuta ya utando wa seli. Seli zikipasuka, vimeng'enya vyake humwagika katika damu, na hapo ndipo madhara hupimwa. Panya waliokingwa kwa kolaviron waliumia kidogo zaidi. Baadaye E. O. Farombi na wenzake wa Ibadan walipata matokeo ya namna hiyo dhidi ya aflatoksini, sumu ya ukungu wa karanga na mahindi. Sumu hiyo si ya maabara tu. Huingia katika sahani zetu.

(Ni kichekesho kidogo kwamba gamba la mti huohuo hutiwa katika tembo la mnazi wa porini, yaani la mchikichi, ili liwe kali.)

Hata hivyo panya si mtu, wala dondoo lililosafishwa na kupimwa kwa miligramu si mbegu inayotafunwa sokoni. Mwaka 1999 Iwu alitangaza kwamba dondoo la kola chungu lilizuia virusi vya Ebola katika maabara. Maradhi yalipofika Nigeria mwaka 2014, uvumi uliwafanya watu waikimbilie mbegu kana kwamba ni tiba. Sisi tuliozika wafu wa Yambuku mwaka 1976 na wa Kikwit mwaka 1995 twajua gharama ya tumaini la namna hiyo. Mgonjwa wa homa ya manjano ya macho anayesubiri nyumbani akitafuna ngadiadia hupoteza siku ambazo daktari angezitumia.

Mti wenyewe, nao, umo hatarini. Hukatwa kwa ajili ya magamba na vijiti vya kusugulia meno, ilhali mbegu iliyopandwa huweza kukaa miezi mingi ardhini kabla ya kuchipua.