Wekundu Usiokuwemo Pichani

Mwaka 1789, mwaka ule ule Wafaransa walipolivamia gereza la Bastille, mwanahisabati Gaspard Monge aliwaonyesha wenzake wa Akademia ya Sayansi jijini Paris jambo lililowatatiza. Aliwataka watazame kwa kioo chekundu karatasi nyekundu iliyotundikwa kwenye ukuta wa jengo la mkabala. Ungetarajia wekundu uliokolea. Karatasi ilionekana nyeupe. Maelezo yake yalikuwa kwamba kioo kile kilitia wekundu kila kitu, kwa hiyo jicho liliuchukulia wekundu kuwa ndio rangi ya mwanga wenyewe, likauondoa katika hesabu. Karatasi nyekundu, ambayo sasa iling'aa sawa na vitu vyeupe, ikahesabiwa miongoni mwa vitu vyeupe.

Kamera ilikuwa haijabuniwa. Hata hivyo jambo hilo ndilo kiini cha kila ubishi unaozuka leo kuhusu rangi ya kitu kilichopigwa picha kwa simu. Jicho halikuumbwa kupima mwanga. Limeumbwa kutambua vitu. Ubongo hukisia kwanza mwanga wa mahali ukoje, kisha huutoa. Ndiyo maana ukurasa wa daftari hubaki mweupe chini ya balbu ya manjano sebuleni, na hubaki mweupe vilevile kivulini nje, ambako mwanga wa anga huutia ubuluu. Picha huuvuruga mpango huo, kwa sababu anayeitazama hayupo pale mwanga ulipokuwa.

Aliyethibitisha kwa jasho la kiwandani kwamba jicho husoma rangi kwa kulinganisha alikuwa Michel Eugène Chevreul. Mwaka 1824 aliteuliwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani, na hapo akakuta malalamiko: nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zimepauka. Chevreul alikuwa mkemia, akazipima na kuzilinganisha na nyuzi za viwanda vingine. Weusi wake haukuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa majirani zake. Nyeusi ikifumwa kando ya buluu au zambarau, weusi wake hudhoofika machoni. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria hiyo, kikawa mwongozo wa wachoraji kwa miongo mingi. Mzee huyo aliishi miaka 102, na mwaka 1886, alipotimiza miaka 100, mpiga picha Nadar alimhoji huku mwanawe Paul akimpiga picha. Mahojiano hayo huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa kuambatana na picha.

Picha za rangi zilianza kwa bahati ambayo bado inanistaajabisha. Tarehe 17 Mei 1861, katika Royal Institution jijini London, mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha picha ya utepe wa kitambaa cha Kiskoti chenye miraba. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga mara tatu, kupitia chujio chekundu, cha kijani na cha buluu. Picha hizo tatu zilipomulikwa kwa pamoja kwenye ukuta mmoja, kila moja kwa rangi ya chujio lake, utepe ulijitokeza ukiwa na rangi zake. Sasa, kemikali za picha za wakati huo zilikuwa karibu hazihisi mwanga mwekundu kabisa. Wekundu ule ulitoka wapi? Miaka 100 ikapita kabla Ralph Evans na wenzake wa Kodak hawajaupata ufumbuzi, mwaka 1961: rangi nyekundu ya utepe ilirudisha pia miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho, na maji mekundu yaliyotumika kama chujio yaliipitisha. Picha ilinasa kitu ambacho hakuna mtu ukumbini angeweza kukiona, na wote wakaona wekundu.

Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, alilipeleka mbele zaidi suala hili la jicho kuukisia mwanga. Alibandika ubaoni karatasi za rangi nyingi, akazimulika kwa projekta tatu, kisha akazirekebisha taa mpaka karatasi ya kijani ikawa inarudisha mwanga ule ule uliokuwa ukirudishwa na nyekundu. Watazamaji waliendelea kuiita ya kijani. Walikuwa wakiisoma kwa kuilinganisha na ubao mzima.

Baadaye ukaja mchango wa Bryce Bayer, ambao watu wengi wanaubeba mfukoni bila kulijua jina lake. Alikuwa mtaalamu wa Kodak huko Rochester, New York, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Kihisio cha kamera ya kidijitali hakijui rangi. Kinajua tu kama mwanga ni mwingi au ni kidogo. Bayer akakifunika kwa vichujio vidogo vilivyopangwa kama drafti: nusu vya kijani, robo vyekundu, robo vya buluu. Kijani kikapewa nusu kwa sababu jicho la binadamu hupata habari nyingi za mng'ao kutoka huko. Maana yake ni kwamba kila pikseli hupima rangi moja tu kati ya tatu. Kwenye picha ya pikseli milioni 12, thamani za rangi zinazohitajika ni milioni 36, na milioni 24 kati ya hizo kamera haikuzipima. Programu imezikadiria kwa kutazama pikseli za jirani. Kisha programu hiyo hiyo inakisia mwanga ulikuwa wa aina gani na kuurekebisha, kazi ile ile ya ubongo. Picha inapokufikia tayari imeshakisiwa mara mbili. Wewe unaongeza kisio la tatu.

Makisio hayo yaligongana waziwazi Februari 2015. Mama mmoja wa Uingereza alipiga picha ya gauni alilokusudia kuvaa kwenye harusi ya binti yake katika kisiwa cha Colonsay, Uskoti, akamtumia. Binti aliliona jeupe lenye dhahabu, mchumba wake akaliona la buluu na nyeusi. Ilipofika mitandaoni, dunia nzima ikagawanyika. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Ukizipima pikseli zenyewe, utakuta buluu iliyofifia na kahawia. Kambi zote mbili zilikuwa zinaona kitu tofauti na kilichoandikwa kwenye faili. Picha ilikuwa na mwanga mkali nyuma, bila ngozi ya mtu wala kitu kinachojulikana cha kulipimia. Aliyedhani gauni liko kivulini aliondoa ubuluu, akabaki na nyeupe. Aliyedhani limemulikwa na taa aliondoa umanjano, akabaki na buluu. Mtafiti Bevil Conway na wenzake waliwauliza watu 1,401: asilimia 57 walisema buluu na nyeusi, 30 nyeupe na dhahabu, 11 buluu na kahawia. Pascal Wallisch wa Chuo Kikuu cha New York, katika utafiti wa watu zaidi ya 13,000, akaona kwamba wanaoamka mapema walielekea zaidi kwenye nyeupe kuliko wanaokesha, pengine kwa kuwa macho yao yamezoea mwanga wa mchana.

Anayeuza vitenge kwa WhatsApp pale Kariakoo anaujua ugomvi huu bila kusoma utafiti wowote. Akiweka karatasi nyeupe kando ya kitambaa, au mkono wake, atampa mteja kitu cha kuusomea mwanga wa dukani.

Miaka miwili baada ya ubishi wa gauni, mwanasaikolojia Akiyoshi Kitaoka wa Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Japani, alisambaza picha ya stroberi isiyo na pikseli hata moja nyekundu. Zote ni za kijivu na samawati yenye ukijani. Matunda yanaonekana mekundu tu.

Lakini makisio ya mashine hayana huruma sawa kwa watu wote, na hapo ndipo historia hii inapotugusa. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ikiwa sawa, picha ilihesabiwa sawa. Nyuso nyeusi zilitoka kama kivuli chenye meno na macho, na lawama akapewa mpiga picha au anayepigwa. Kodak walianza kuboresha filamu zao baada ya malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka vivuli vya kahawia vitofautiane. Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, alipokuwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alizikataa filamu za Kodak akiziita za kibaguzi. Naona alikuwa na haki.

Simu zimepiga hatua. Kampuni ya simu ya Tecno ilijijengea soko Afrika kwa kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na Google ikaleta Real Tone, teknolojia yenye lengo kama hilo, mwaka 2021. Ila kipimo cha mwanga bado hupenda kuchukulia kwamba picha nzima, kwa wastani, ni ya kijivu. Bwana harusi mweusi aliyevaa kanzu nyeupe huivuruga hesabu hiyo papo hapo: kamera huiokoa kanzu na kuuzamisha uso. Mpiga picha hulazimika kugusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime pale, na kukubali kanzu ipoteze mikunjo yake.