Elimu ya Tiba ya Mifugo: Funzo la Sotoka Katika Nchi ya Ziwa Nyasa

Katika vitabu vya hisba mna mlango maalumu unaomhusu baitari, yaani mganga wa wanyama. Ash-Shayzari, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 12, ameeleza kuwa kazi hiyo ni ngumu kuliko kumtibu mwanadamu, kwani mnyama hana ulimi wa kusema panapomuuma. Kwa hiyo asiye na elimu hapaswi kuishika, na akimharibu mnyama wa mtu kwa ujinga wake atalipa fidia. Ama sisi tunauliza: elimu hiyo ikikosekana katika nchi nzima, nani hulipa?

Historia ya sotoka inajibu. Maradhi hayo yaliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na Wataliano. Katika muda wa miaka michache yaliteremka hadi nchi za Ziwa Nyasa, na mwaka 1896 yakavuka mto Zambezi. Inakadiriwa kuwa sehemu nyingi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi, na njaa ikafuata. Wafugaji waliwajua vyema wanyama wao, lakini maradhi yalikuwa mageni na chanjo haikuwepo. Aliyelipa ni mwenye zizi.

Ulaya nayo ilikwisha kuonja msiba huo. Sotoka ilikuwa miongoni mwa sababu za kufunguliwa chuo cha tiba ya wanyama cha Lyon, Ufaransa, mwaka 1762.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 sotoka ilitishia tena kwenda kusini. Safari hii ilikuta watu waliosoma: katika ukanda ulio baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ng'ombe walichanjwa na uzio ukajengwa. Baadaye, huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora zaidi. Chanjo hiyo ilipoboreshwa ihimili joto, hata wafugaji wa vijijini walifundishwa kuichoma. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka imetoweka duniani.

Tanzania nayo ilianza kusomesha madaktari wa mifugo Morogoro mwaka 1976, mahali palipokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Mkoa wa Ruvuma wenyewe una chuo cha mifugo Madaba.

Hata hivyo, kazi haijesha. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008. Kideri humaliza kuku wa kijiji kizima, na kimeta humuua hata mwanadamu aliyegusa mzoga. Kwa mkazi wa milima ya Umatengo, Mbinga, au wa Liuli na Mbamba Bay ufukweni, mbuzi wawili na kuku kadhaa ndiyo akiba ya ada ya shule na dawa ya mtoto.

Fiqhi haikuliacha jambo hili. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza ngamia wagonjwa kupelekwa kwa walio wazima. Kuuza mnyama mgonjwa kwa kuficha aibu yake ni ghishi, na mzoga ni haramu kuliwa. Lakini mfugaji atayatambuaje maradhi ikiwa hakuna aliyesoma wa kumuuliza?

Kwa hiyo tunaiona elimu hii kuwa ni katika faradhi za kifaya: wasipopatikana wa kutosha wa kuibeba, lawama ni ya wote. Wazazi wa Mbinga na Nyasa wenye vijana waliofaulu sayansi wasiidharau njia ya Madaba na Morogoro.