Tufani Katika Njia ya Utii

Kama una Biblia karibu, fungua Injili ya Marko, sura ya 4, mstari wa 35 hadi 41.

Ninyi mnaosikiliza kutoka Lamu, Pate, Faza na Kiwayu hamhitaji kufundishwa habari za bahari. Mnaijua kusi inapokaza mwezi wa Juni na Julai. Nahodha hupunguza tanga, mabaharia hufua maji, na abiria hunyamaza kimya. Basi watazame wanafunzi wa Yesu. Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi wa ziwa lile lile. Watu kama hao wakipiga kelele kwa hofu, jua kwamba hatari ni ya kweli.

Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Mwaka 1986, maji ya Ziwa la Galilaya yalipopungua kwa ukame, ndugu wawili wavuvi waliona mbao katika matope. Ilikuwa mashua ya nyakati zile za Yesu, urefu wake kama mita 8 tu. Hakuna asemaye kwamba ni ile ya Petro, lakini inatuonyesha walisafiri na chombo cha namna gani.

Sasa angalia neno ambalo wengi hulipita. Ni nani aliyesema wavuke mpaka ng'ambo? Ni Yesu mwenyewe. Wanafunzi hawakuwa kama Yona, aliyekuwa akimkimbia Mungu. Tufani iliwakuta katika njia ya utii.

Wakristo wa kwanza walilielewa jambo hili. Mwaka 64 mji wa Roma uliteketea, na Kaisari Nero akawatwika Wakristo lawama, wengi wakauawa. Hata yapata mwaka 200, Tertuliano, mwalimu wa Kanisa huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, aliifananisha mashua ile na Kanisa, linalosukwasukwa na mawimbi ya dunia hii.

Pwani yetu nayo ina ushuhuda wake. Mwezi wa Novemba 1843, Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosina waliondoka Aden kuja huku. Chombo chao kilivuja, na kikapinduka muda mfupi baada ya wao kuokolewa na chombo kingine. Hawakukata tamaa. Walipanda tena, wakashuka na mwambao, wakavipita visiwa hivi vyetu, hata wakafika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohieddin. Mwezi wa Julai Rosina akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Ndugu yangu, waliokolewa baharini, wakazikwa nchi kavu. Je, Bwana alikuwa amelala?

Miaka ilipita. Huko Rabai mtu wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu na kufa. Mwaka 1886 wamisionari wa Kimethodisti, John Houghton na mkewe Annie, waliuawa kwa mikuki huko Golbanti, katika mto Tana. Mwaka uliofuata, wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walikuja kwa njia ya Lamu, wakaanza kazi Ngao, katika mto ule ule. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo akatafsiri Agano Jipya. Walikwenda mahali ambapo damu ilikuwa haijakauka.

Na si mambo ya zamani tu. Usiku wa Jumapili, tarehe 15 Juni 2014, na usiku uliofuata, watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, hapa hapa katika kaunti ya Lamu. Wengi waliokufa walikuwa Wakristo. Wako wajane ambao hata leo wanauliza kama walivyouliza wanafunzi: Bwana, hujali?

Sitakuambia kwamba mwenye imani haogopi. Biblia haisemi hivyo. Wala sitakuambia kwamba kila tufani itatulia tukiomba. Soma Matendo ya Mitume, sura ya 12. Yakobo, yule aliyeokolewa ziwani, aliuawa kwa upanga wa Herode. Katika sura hiyo hiyo Petro alitolewa gerezani na malaika. Walikuwa katika mashua moja, wakimwamini Bwana mmoja, lakini mmoja alikufa na mmoja akatoka. Biblia haitupi sababu.

Basi tushike nini? Mambo mawili. Kwanza, wanafunzi waliogopa, lakini walijua wamwendee nani. Maneno yao yalikuwa makali, karibu ya kumlaumu. Hata hivyo Yesu hakuwafukuza. Aliikemea bahari kwanza, ndipo akawauliza habari za imani yao. Mjane anayelia mbele za Bwana kwa uchungu hajapoteza imani. Bado yumo chomboni.

Pili, Yesu hakusimama pwani akiwatazama. Alikuwa tezini, amelala juu ya mto, na maji yaliyoingia yaliingia katika chombo chake pia. Baadaye alikwenda msalabani, na huko hakuna aliyemtuliza mawimbi. Huyo ndiye tuliye naye, mawimbi yakitulia au yasipotulia.

Na tuombe. Bwana Yesu, uwakumbuke walio baharini usiku huu, na wale waliozika wapendwa wao. Wakati imani yetu ni ndogo, usituache. Tuvushe mpaka ng'ambo. Amina.